Usizime hita: mtoto mchanga, gari la umeme na baridi ya Minnesota

SEHEMU YA 1



Wiki hii nimeulizwa swali lile lile na watu wanne. "Dada nesi, tumenunua gari la umeme, mtoto ana miezi sita, tunataka kutoka Jumamosi na kurudi jioni. Kwa baridi hii ni salama?" Wawili kati yao wakanitumia na ile sauti inayozunguka WhatsApp, ya kaka anayesema gari la umeme kwenye theluji ni jeneza lenye magurudumu.

Nasema msimamo wangu mapema, ili asiyetaka maelezo marefu aendelee na shughuli zake. Gari la umeme linafaa kabisa kumbeba mtoto wakati wa baridi. Kinachonitisha ni kitu kidogo tunachokifanya tukiwa ndani yake: kuzima hita ili betri itufikishe. Hapo mimi nasema hapana. Ukiwa na mtoto garini, panga safari kana kwamba hita haina swichi ya kuzimia.

Nalijua hili kwa sababu mimi mwenyewe, nesi, nilikubali izimwe.

Ilikuwa Januari. Sisi tunaishi upande wa Minneapolis. Duluth iko kama kilomita 250 kaskazini, unashika I-35 tu, huna pa kupotelea. Mkubwa wetu alitaka kuona samaki kwenye Great Lakes Aquarium, mimi nilitaka kuliona Lake Superior wakati wa barafu. Mdogo alikuwa na miezi saba, yeye hakutaka chochote isipokuwa ziwa.

Gari letu kwenye karatasi linakwenda kilomita 400 betri ikijaa. Mume wangu akapiga hesabu ya karatasi hiyo hiyo. Asubuhi ile ilikuwa nyuzi 16 chini ya sifuri. Tulipofika Hinckley, ambayo ni kama nusu ya njia, betri iliyotoka nyumbani imejaa ilikuwa imebaki asilimia 45. Tukacheka. Tukachaji, nikabadilisha nepi, nikanyonyesha, mkubwa akala mkate wa sukari, tukaendelea. Mpaka hapo safari nzuri kabisa.

Kosa tulilifanya Duluth. Tuliegesha nje karibu na maji, upepo unakata, tukakaa huko saa nne bila kuchomeka gari popote. Betri ilisoma karibu asilimia 60, na mume wangu akaona inatosha kuturudisha Hinckley, kilomita kama 120. Tulipotoka jua limezama, ni nyuzi 23 chini ya sifuri, na zile asilimia zenyewe zimeshapungua gari likiwa limesimama tu.

Baada ya kama kilomita 30 kioo cha gari kikasema tutafika tukiwa na asilimia 3. Baada ya kitambo kikasema 1. Mume wangu akanyoosha mkono akazima hita.

"Tutafika tu, mama watoto. Mtoto si amevaa jaketi?"

Na mimi nikasema sawa.

SEHEMU YA 2

Hebu niwaeleze kwanza kwa nini alizima, maana hakuwa mjinga.

Gari la petroli lina hasara kubwa: sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta inapotea kama joto. Wakati wa baridi hasara hiyo inageuka baraka, kwa sababu joto linalopuliza miguuni mwako ni la bure, lingetupwa nje hata hivyo. Gari la umeme halina joto la kutupa. Kila joto unalolihisi limetolewa kwenye betri ile ile inayozungusha magurudumu. Na betri yenyewe ikishika baridi inakuwa nzito kutoa umeme, nzito pia kupokea.

Chama cha wenye magari cha hapa Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2019. Kwenye nyuzi 20 za Kimarekani, yaani kama 7 chini ya sifuri kwa nyuzi zetu, magari waliyoyapima yalipoteza kwa wastani asilimia 12 ya umbali kwa sababu ya baridi peke yake. Walipowasha hita, hasara ikafika asilimia 41. Chukua gari la kilomita 400, toa asilimia 41, unabaki na 236. Haitoshi hata kufika Duluth kutoka kwetu. Na hiyo ni nyuzi 7 chini ya sifuri, wala si 23. Magari mapya mengi yana mtambo wa kupasha joto unaotumia umeme kidogo kuliko hita za zamani, yanafanya vizuri zaidi, lakini hesabu haifutiki.

Mnaona mtego ulipo? Kutoka asilimia 12 hadi 41 ni swichi moja. Ukiwa peke yako, umevaa vizuri, una kiti kinachopasha mgongo, kuizima kwa nusu saa ni uamuzi wa mtu mzima. Umeganda vidole, umefika, unasimulia.

Mtoto wa miezi saba si mtu mzima mdogo. Kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake na ngozi yake ni pana kwa uzito wake, kwa hiyo anatoa joto haraka. Sisi tukishikwa na baridi tunatetemeka, misuli inatengeneza joto. Yeye hatetemeki vizuri hivyo. Anachoma akiba ya mafuta maalumu aliyozaliwa nayo, na akiba ina mwisho. Kibaya zaidi, mtoto anayepoa hapigi kelele. Analegea, ananyamaza. Wewe mbele unasema, "Afadhali amelala."

Na wetu "alilala."

Dakika kama arobaini baadaye vioo vilikuwa na ukungu kwa ndani, mkubwa analalamika miguu. Nikahamia nyuma. Nikaingiza mkono kwenye shingo ya mdogo, huku nyuma chini ya nywele, mahali tunapopima siku zote. Mikono ya mtoto ikiwa baridi sishtuki, ni kawaida. Shingo ilikuwa baridi. Nikaingiza mkono kifuani, nako hakukuwa na joto ninalolijua. Nikampa ziwa, akalishika kivivu akaliachia.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi, lakini sijawahi kusikia moyo wangu ukipiga vile. Nikamwambia mume wangu washa hita mwisho wa uwezo wake, toka barabarani mji unaofuata, sijali asilimia. Tukaingia kwenye kituo cha mafuta. Nilikaa ndani kati ya friji za soda na rafu za bisi, nikamvua yule mtoto, nikamweka kifuani ngozi kwa ngozi, jaketi langu juu yetu wote wawili. Kama dakika ishirini hivi akaanza kunyonya kwa nguvu. Kisha akalia. Sijawahi kufurahia kilio hivyo.

Mahali pa kuchaji tulipata kwenye hoteli, chaja ya polepole, tukakaa zaidi ya saa mbili. Nyumbani tulifika saa saba kasoro usiku. Mume wangu hakusema neno njia nzima. Mimi pia nilikuwa na hasira, ila nilijua nusu yake ni yangu.

SEHEMU YA 3

Kuna mtu atasoma hapo juu aseme, si ndiyo hayo, rudini kwenye petroli. Ngoja kwanza.

Ile sauti ya WhatsApp inataja Chicago, na ni kweli. Januari 2024 baridi ilipiga Chicago, magari ya umeme yakapanga foleni kwenye vituo, mengine yakazima kabisa. Wengi walifika na betri zilizopoa mno, na betri iliyopoa hupokea umeme taratibu kwa sababu gari lenyewe linajilinda lisiharibike. Foleni ikawa foleni ya foleni. Lakini mwaka huo huo, Norwei, nchi ya theluji, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Nyie mlio Oslo najua mnatucheka. Watu wa kule wana watoto wachanga kama sisi.

Halafu kuna jambo ambalo kama nesi siwezi kulinyamazia. Gari la petroli likikwama kwenye theluji na injini ikiunguruma, theluji inaweza kuziba bomba la moshi, ile ekzosi. Moshi unarudi ndani ukiwa na kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Inashika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi, basi. Mtoto aliye nyuma hawezi kusema kichwa kinamuuma. Ukikwama na gari la petroli, shuka ufukue ekzosi kwanza ndipo uwashe, na rudi kuiangalia kila mara. Hii mfundishe hata jirani.

Gari la umeme halina ekzosi. Likisimama unaweza kuacha hita inawaka usiku kucha, na hewa ni ile ile. Linatumia kiasi gani? Tuseme baridi kali, hita inakula kilowati 2. Betri ya kilowati-saa 60 ikiwa nusu ina 30, hapo una kama saa 15 za joto. Januari 2022 kule Virginia watu walikwama kwenye barabara kuu ya I-95 zaidi ya saa 24, na wa petroli nao walizima injini kubana mafuta. Hakuna gari lenye muujiza. Aliye salama ni yule aliyekwama na akiba ya kutosha, ya aina yoyote.

Kwa hiyo mimi gari letu sijaliuza.

SEHEMU YA 4

Tumeshakwenda Duluth tena, Februari hii hii, mtoto sasa anatembea. Nawaeleza tulivyofanya, mchague kinachowafaa.

Hesabu sasa napiga mimi. Nachukua umbali wa karatasi, naukata nusu, basi. Letu la 400 ni gari la kilomita 200, na sitaki kufika popote chini ya asilimia 20. Tukizidisha siku ya joto kidogo, tunafurahi.

Kabla ya kutoka gari linapashwa joto likiwa bado kwenye waya wa nyumbani, dakika 30 hadi 40, ili joto la kwanza ambalo ndilo linakula sana litoke ukutani badala ya kwenye betri. Kituo cha kuchaji tunakiweka kwenye ramani ya gari lenyewe, si ya simu tu, kwa sababu magari mengi yakijua unakwenda kuchaji huanza kupasha betri njiani. Tunachaji mpaka 80 tu, kutoka hapo kwenda juu inachelewa mno. Na mwendo! Mume wangu alipopunguza kutoka maili 75 hadi 65 kwa saa, tulipata umbali ambao kuzima hita kungetupa, bila mtoto kupoa. Hicho ndicho cha kubana, mguu.

Duluth tulichomeka gari kwanza, samaki baadaye.

Sasa jaketi. Jaketi nene lenye sponji halivaliwi chini ya mikanda ya kiti cha mtoto, gari la umeme au la petroli. Unafunga mkanda unaona umekaza, kumbe umekaza hewa. Gari likigonga, sponji inabonyea, mkanda unalegea, mtoto anachomoka. Madaktari wa watoto wa hapa, American Academy of Pediatrics, wanasema hivyo hivyo. Mvalishe nguo nyepesi za kubana na sweta moja, funga mikanda mpaka usiweze kubana utepe wake kwa vidole viwili pale begani, halafu blanketi juu ya mikanda. Mimi naweka na kanga juu ya miguu, maana kanga haijawahi kukosa kazi. Jaketi linakaa pembeni kwa ajili ya kushuka. Mnaona sasa kwa nini hita haizimwi? Mtoto aliyefungwa vizuri hana jaketi. Joto la gari ndilo jaketi lake. Siku ile wetu alikuwa amefungwa vibaya na bado akapoa.

Kila saa moja na nusu hivi, mbili zikizidi sana, mtoaneni kwenye kiti hata kama betri imejaa. Chaja inakulazimisha usimame, na mtoto anahitaji usimame, hapo gari la umeme na mtoto wanaelewana.

Kuna dada ameniuliza: wao wanaishi ghorofani, hawana pa kuchomeka usiku, na gari ni la mtumba, linakwenda kilomita 130 siku za joto. Dada, nakuambia kama mdogo wangu: siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na mtoto wa miezi mitatu, usitoke nalo nje ya mji. Mjini linatosha sana, kliniki, kanisani, sokoni. Kwa safari ndefu omba gari la rafiki au ngojeni Aprili, ziwa halihami. Najua mmelilipia na mnataka kulifaidi. Hata sisi tulitaka.

Na mkishafika katikati ya njia, namba inashuka, mkono wa mtu unaelekea kwenye swichi ya hita, msemee hapo hapo. Usisubiri kama mimi dakika arobaini.

Kesho na keshokutwa niko zamu ya usiku. Maswali yaacheni hapa chini, nitajibu Alhamisi. Wa Oslo na Toronto, tuandikieni mnavyowavalisha watoto, na mkiweza mtuambie zile nguo za ndani za sufu mnazipata wapi kwa bei ya binadamu.