Senema za Michezo ni Kazi Inayowafaa Wasichana

Zinapotajwa kazi za kufanya baada ya masomo, sisi wasichana huambiwa ualimu, uuguzi, uhasibu na sheria. Zote ni kazi njema, wala sina neno juu yake. Lakini iko kazi moja ambayo sijaisikia ikitajwa, nayo ni kutengeneza senema za michezo. Sisemi senema za hadithi za kubuni, bali zile zinazoonyesha watu halisi na mambo ya kweli. Maoni yangu ni kwamba kazi hii ni ya heshima, inawafaa wasichana, na nchi yetu inaihitaji.

Labda mtu atauliza, "Mchezo ukiisha umekwisha, picha zake za nini?" Jibu langu ni John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki huko Mexico, Mtanzania huyu alianguka akaumia, lakini hakuacha mbio. Alimaliza wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, saa moja na zaidi baada ya mshindi. Jina la mshindi wengi wetu hatulijui, lakini Akhwari anatajwa duniani mpaka leo, kwa sababu wapiga picha walikuwapo alipoingia kiwanjani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Senema ndiyo daftari la michezo.

Sasa nitoe mfano wa mwanamke. Florence Ayisi ni mzaliwa wa Kameruni aliyefundisha senema katika chuo kikuu huko Wales. Mwaka 2005, yeye na Mwingereza Kim Longinotto walitoa senema iitwayo "Sisters in Law", juu ya wanawake wanaoshughulika na sheria huko Kameruni, nayo ikapata tuzo mjini Cannes, Ufaransa. Baadaye alikuja Unguja, akaifuata timu ya mpira ya wanawake iitwayo Women Fighters, na mwaka 2007 akatoa "Zanzibar Soccer Queens". Humo twawaona wachezaji uwanjani na pia majumbani mwao, na twawasikia hata watu wanaosema kwamba mpira si mchezo wa mwanamke. Wala hakuishia hapo. Mwaka 2016, pamoja na mwenzake Catalin Brylla, alitoa "Zanzibar Soccer Dreams", ili kuonyesha yaliyobadilika tangu senema ile ya kwanza. Hakuwa mgeni wa kupiga picha siku moja na kwenda zake.

Huko China nako yuko bibi mmoja, Gu Jun. Kabla ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008 alifanya kazi kwa miaka kadhaa, akiwafuata wajenzi wa uwanja mkuu, mkimbiaji wa kuruka viunzi Liu Xiang, na wasichana wadogo wa mazoezi ya viungo. Kisha yeye ndiye aliyetengeneza senema rasmi ya michezo ile. Kwa mifano hii naona kwamba kazi hii yataka subira kuliko nguvu, na sikio kuliko sauti. Nani atasema wasichana hawana hayo?

Turudi kwetu. Mwaka 2022 timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India katika Kombe la Dunia, ikaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1 na kufika robo fainali. Mabao yao tuliyaona. Lakini walivyoanza, nani aliwanunulia viatu, nani aliwakataza na nani aliwatia moyo, hayo mimi na wenzangu hatujaonyeshwa. Hapa Temeke tunao Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kutumika mwaka 2007, nao huchukua watu 60,000. Siku ya mechi kubwa kamera hujaa. Lakini si mbali sana na hapo, Tandika na Mbagala, na upande wa pili huko Mwananyamala, wapo wasichana wanaocheza juu ya mchanga bila hata kamera moja. Akitokea bingwa kati yao, mwanzo wake utasimuliwa kwa kukisia.

Najua wazazi wetu wana hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba binti atakuwa akizunguka viwanjani kati ya wanaume. Lakini muuguzi na askari wa kike pia hufanya kazi kati ya wanaume, na heshima yao iko katika mwenendo wao. Ya pili ni kipato. Ni kweli kwamba mwanzo wake ni mgumu, lakini ni kazi ya kusomea kama nyingine, na anayeijua aweza kupiga picha za mikutano na za arusi huku akitengeneza senema yake pole pole. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Shule yetu ianzishe chama cha picha, chenye kamera moja itakayotunzwa na mwalimu, kwa kuwa sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu. Kazi yake ya kwanza iwe kuifuata timu yetu ya netiboli tangu mazoezi ya alfajiri mpaka mashindano ya UMISSETA. Nanyi wazazi, binti akisema anataka kazi hii, msimcheke kabla ya kumsikiliza. Mimi nitamaliza kidato cha nne mwaka huu, na huenda chama hicho nisikione. Lakini wadogo zangu wa kidato cha kwanza wana miaka mitatu mbele yao, na yatosha kutengeneza senema moja iliyo nzuri.