Nani Alisema Waranti Imeisha?

Nenda yadi yoyote ya magari pale Ngong Road, chagua gari linalokuvutia, kisha uliza swali moja: giaboksi ikifa mwezi ujao, nani analipa? Muuzaji atacheka kidogo, kile kicheko cha kumhurumia mtoto. "Hii ni ex-Japan, boss. Waranti iliisha kitambo." Na wewe utaitikia kwa kichwa, kwa sababu ukiuliza zaidi utaonekana mshamba. Nasema hiyo ni nusu ya ukweli, na ile nusu tunayofichwa ndiyo inayotumaliza.

Nusu ya kweli ni hii. Watengenezaji wakubwa wa Japani, Toyota wakiwemo, kwa kawaida hutoa waranti ya miaka 3 au kilomita 60,000 kwa gari kwa jumla, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa sehemu kubwa kama injini na giaboksi. Kenya nayo inaruhusu gari la mtumba ambalo halijazidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Na kwa sababu thamani ambayo KRA inatoza ushuru hushuka kadiri gari linavyozeeka, waagizaji wanapenda yale ya mwaka wa saba na wa nane. Piga hesabu mwenyewe. Gari likishushwa bandarini Mombasa, waranti ya kiwanda ilishakufa zamani. Hapo muuzaji hadanganyi.

Anadanganya pale anapotumia kifo cha waranti hiyo moja kuzika na nyingine zote. Waranti ya kiwanda ni ahadi ya aliyetengeneza. Kuna ahadi nyingine, ya aliyekuuzia, na hiyo haikuandikwa Japani. Iliandikwa hapa kwetu. Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji bidhaa, ya mwaka 2012, inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi kwamba kitu anachokuuzia kina ubora unaofaa, hata kama hakufungua mdomo kuahidi. Kifungu cha mkataba kinachojaribu kufuta ahadi hiyo ni batili. Juu ya sheria hiyo kuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010: mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya habari anazohitaji ili afaidi alichonunua, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro.

Sasa wacha niwaonyeshe sentensi hizo nzuri zinavyoonekana zikishuka mtaani.

Dadangu ni nesi. Anafanya zamu za usiku, na alikuwa amechoka kusimama steji gizani akingoja matatu. Akachukua mkopo wa miezi 36, akanunua kigari kidogo cha milango mitano, logibuku ikaandikwa jina lake pamoja na la benki. Mwezi wa sita gari likaanza kushtuka kila akikanyaga mafuta. Mwezi wa saba likakataa kupanda kilima. Fundi alipolipima kwa mashine akasema giaboksi imekwisha. Ya kubadilisha, nayo ex-Japan, imetolewa kwenye gari lingine lililokufa: shilingi 140,000, kazi ya kufunga kando. Akauliza giaboksi hiyo ina waranti gani. Akajibiwa, "Tunaifunga, tunawasha, ikiingia gia ni yako."

Alirudi yadi. Hawakumtukana, hata chai walimpa. Kisha wakatoa mkataba na kumwonyesha mstari mmoja chini kabisa, juu ya sahihi yake: gari limeuzwa jinsi lilivyo. Akaenda nyumbani. Pesa za giaboksi zilitoka kwenye karo ya mtoto wake, na benki ikaendelea kukata kila mwisho wa mwezi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa wiki tano alilipia mkopo wa gari lililolala gereji, na nauli ya matatu juu yake.

Kinachonikera zaidi ni maneno aliyoambiwa na watu wake mwenyewe. Eti ni bahati mbaya. Eti angenunua aina nyingine. Eti mwanamke haendi yadi bila mwanamume wa kumsindikiza. Eti angekuja na fundi wake. Kila mtu alikuwa na somo la kumpa mnunuzi, na hakuna hata mmoja aliyemtaja muuzaji. Tumezoea kumuuliza aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia kwa nini hakupapasa gunia vizuri. Aliyefunga gunia tunamwita mfanyabiashara mjanja.

Na kuhusu gunia, nataka tuelewane. Magari mengi yanayokuja huku hupitia minada ya Japani. Kwenye minada hiyo kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yake: kilomita lilizotembea, alama ya hali yake kwa jumla, mchoro unaoonyesha kila mkwaruzo na kila bonde la bodi. Gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa linaandikwa R. Kwa hivyo habari ipo. Ilikuwepo siku gari linanunuliwa, na aliyenunua pale mnadani aliisoma kabla ya kutoa bei. Inavuka bahari ndani ya simu ya mwagizaji. Halafu inafika yadini na kupotea. Gari linaoshwa, viti vinapigwa rangi, tairi zinapakwa mafuta zing'ae, na wewe unaambiwa "haijaguswa, ilikuwa ya mzee mmoja." Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kinaoshwa kwanza.

Karatasi ya mnada haikuambii kila kitu. Haitasema giaboksi ina miezi mingapi ya kuishi. Lakini ingemwambia dadangu kama kilomita zilizoko kwenye dashibodi ndizo zilizotoka Japani, na kama gari liliwahi kugongwa. Hizo ndizo habari ambazo Katiba inasema ni haki yake. Mtu aliye na karatasi hiyo akakataa kukuonyesha amejua kitu ambacho wewe unakilipia bila kukijua.

Watu wa yadi wana majibu yao, na si ya kudharau. La kwanza: ukitaka waranti nunua gari jipya. Sawa. Lakini nchi hii ilishaamua kwamba wengi wetu tutaendesha mitumba, na serikali inaifaidi. Inatoza ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa juu yake, kisha VAT ya asilimia 16. Wakati wa kutoza, hilo ni gari kamili. Likiharibika ndipo linageuka kuwa mtumba usio na mwenyewe.

La pili: hakuna anayeweza kuahidi mashine kuukuu. Hapo pia nakubali nusu. Hakuna anayedai gari la miaka saba liwe jipya. Breki zitalika, shoki zitachoka, betri itakufa, na hayo ni ya mwenye gari. Lakini giaboksi kufa mwezi wa saba, kwenye gari lililouzwa kama zima, ni suala tofauti, na mtu wa kupima tofauti hiyo ni hakimu. Muuzaji hawezi kujipimia mwenyewe kwa mstari mmoja chini ya karatasi.

La tatu linatoka kwa wenye magari wenyewe: mafundi ndio wezi. Wapo, sikatai. Lakini fundi wa Kirinyaga Road anafanya kazi gizani kama wewe. Magari ya siku hizi ni kompyuta zenye magurudumu, na watengenezaji hawampi funguo. Huko Massachusetts, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi wa nje habari zile zile za ukarabati wanazowapa wauzaji wao rasmi. Fundi wetu anajifunza kwa kubahatisha, na anabahatisha kwa pesa zako. Hata hivyo, ile sheria yetu ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari: fundi anatakiwa kukupa makadirio ya gharama kabla ya kukutoza, na kukurudishia spea alizotoa. Ni wangapi kati yetu tumewahi kudai hata hilo?

Tatizo letu kubwa ni kuamini kwamba waranti ni kama maziwa, kwamba ikifika siku yake inaganda na hakuna la kufanya. Si hivyo. Waranti ni mapatano, na mapatano hubadilika pale upande mmoja unapokataa kunyamaza. Mwaka 2009, baada ya malalamiko ya wateja, kampuni ya Nissan iliongeza waranti ya giaboksi za CVT huko Marekani kwa magari ya mwaka 2003 hadi 2010. Ilitoka miaka 5 au maili 60,000, ikawa miaka 10 au maili 120,000. Chuma kilikuwa kile kile, na mkataba wa mwanzo ulikuwa umeandikwa vizuri kabisa. Ila wateja walipiga kelele ya kutosha, na kwao kelele ya mteja ina gharama. Huku kwetu kunyamaza ni bure, ndiyo maana tunauziwa chochote.

Mimi si wakili. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu karo iliponishinda, na siku hizi naandika makala kwa malipo yanayokuja yakipenda. Sheria hii niliisoma kwa simu, kitandani, ikiwa na bando ya shilingi hamsini. Haihitaji digrii. Inahitaji hasira kidogo na subira kidogo.

Kwa hivyo ukienda yadi, kabla hujatoa hata shilingi, dai karatasi ya mnada. Wakisema haipo, kilomita na hali ya gari waandike wao wenyewe kwenye mkataba na kutia sahihi. Dai waranti ya maandishi ya injini na giaboksi, hata ya miezi sita. Wakikataa, toka. Yadi ziko nyingi kuliko wanunuzi wenye pesa mkononi, na muuzaji anajua hivyo kukuliko wewe.

Kama ulishanunua na gari limekufa, usiiogope ile "jinsi lilivyo". Fundi akuandikie ripoti ya kilichoharibika kabla hajafungua chochote, weka risiti, weka picha, weka hata jumbe za WhatsApp walizokuahidi mambo. Kisha nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Giaboksi ya 140,000 inaingia humo mara saba na nafasi inabaki.

Najua wengi hawataenda. Kuna kazi, kuna zamu, kuna watoto. Yadi zinategemea hilo kabisa. Lakini kesi kumi tu kutoka barabara moja, kwa mwaka mmoja, zingeufanya ule mstari wa chini uanze kuwasha mkono wa anayeuandika. Na siku ambayo muuzaji ataogopa kuuza giaboksi mbovu kuliko wewe unavyoogopa kuinunua, siku hiyo bei iliyobandikwa kwenye kioo cha gari ndiyo itakuwa bei ya gari.