Ushauri wa masomo usiachiwe steshenari

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mwezi Julai, steshenari za Soweto, Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya hujaa vijana tangu asubuhi. Mlangoni hubandikwa karatasi yenye orodha ya huduma: maombi ya vyuo, mkopo wa HESLB, kuhakiki cheti RITA, TIN, Ajira Portal, picha za pasipoti. Anayehudumia ni kijana mwenye kompyuta moja na printa, bei yake ni nafuu na vidole vyake vina kasi. Anaomba namba ya mtihani, anamfungulia mteja barua pepe papo hapo, halafu anafika kwenye kisanduku cha kozi na kuuliza mteja anataka kusoma nini. Mteja anababaika. Nyuma yake foleni inasubiri. Kijana wa steshenari, kwa nia njema kabisa, anapendekeza kozi aliyomjazia mteja aliyetangulia. Uamuzi wa miaka mitatu au minne ya masomo, pamoja na deni litakalokatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, unakuwa umekamilika ndani ya robo saa.

Simlaumu kijana huyo. Anafanya kazi ambayo sisi wengine tumeiacha wazi. Taifa limegharamia karibu kila kitu ambacho mtoto wa mkulima anahitaji ili afike chuo, isipokuwa mtu wa kumwongoza njiani. Ada ya sekondari iliondolewa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na sita. Bodi ya Mikopo (HESLB) ipo kwa sheria ya mwaka 2004. Vyuo vyenyewe viko mlangoni: Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Teofilo Kisanji, kampasi ya Mzumbe na Chuo cha Uhasibu, Iringa kuna Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha. Umbali uliobaki kati ya mtoto wa Soweto na darasa la chuo ni wa maarifa, na maarifa hayo yanahitaji mwalimu aliyesomea kuyatoa.

Watu wengi hudhani uamuzi wa chuo hufanyika baada ya kidato cha sita. Ukweli ni kwamba wakati huo milango mingi imeshafungwa. Chukua mfano wa msichana anayetamani udaktari. Mwishoni mwa kidato cha pili shule humtaka achague mkondo, na mtaala ambao shule zetu zimeufuata kwa miaka mingi unamruhusu kuacha Fizikia anapoingia kidato cha tatu. Shuleni kwao mwalimu wa Fizikia amehama, alama zake zimeshuka, naye anaiacha. Au anaendelea nayo kwa kusuasua, kisha kidato cha nne anapojaza fomu ya machaguo anaandika CBG badala ya PCB, kwa kuwa Jiografia anaipenda na Fizikia anaiogopa. Anasoma kwa bidii miaka miwili, anapata alama nzuri za Kemia na Baiolojia, anakwenda kuomba udaktari wa binadamu, na mfumo unamkataa. Shahada hiyo inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Hakuna A ya Jiografia itakayoziba pengo hilo. Vivyo hivyo kwa mvulana wa PCB anayegundua akiwa kidato cha sita kwamba uhandisi wa ujenzi unataka Hisabati ya Juu, au yule wa HGL anayekumbushwa na shahada za biashara kwamba alipata F ya Hisabati kidato cha nne. Hawa wote walifanya bidii. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia mapema mlango upi unafunguliwa na ufunguo upi.

Na uchaguzi unazidi kuwa mgumu. Mwezi Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafanya jumla kuwa 65. Mwaka huohuo mtaala mpya ulianza kuingiza mkondo wa amali katika baadhi ya shule tangu kidato cha kwanza, sambamba na mkondo wa jumla. Naunga mkono mabadiliko hayo. Mtoto mwenye kipaji cha muziki au cha ufugaji amepewa nafasi ambayo kaka zake hawakuwa nayo. Lakini tumempa mtoto wa miaka 13 au 14 njia panda nyingi zaidi bila kumwongezea mwongozaji. Mzazi wake aliyeishia darasa la saba, ambaye biashara ya viazi vya Uyole ameijua mpaka kilo ya mwisho, hana namna ya kumweleza tofauti ya tahasusi moja na nyingine. Hilo si kosa la mzazi.

Mtu atasema walimu wa ushauri na unasihi wapo tayari. Wapo, kwa jina. Wazo la kila shule kuwa na mwalimu wa aina hiyo ni la miongo kadhaa, na Mradi wa Kuboresha Elimu ya Sekondari, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa mwaka 2020, umeweka walimu wa unasihi ndani ya mpango wake wa Shule Salama. Kazi hiyo ni njema. Mkazo wake, hata hivyo, ni usalama wa mtoto: ukatili, mimba, utoro, adhabu. Mwalimu anayefunzwa kusikiliza msichana aliyeonewa hajafunzwa kwa hilo kusoma vigezo vya udahili. Katika shule nyingi jina la mnasihi hupewa mwalimu mwenye huruma, au mwanamke mwenye umri mkubwa kidogo, juu ya vipindi vyake vya Kiswahili au Uraia ambavyo havikupunguzwa hata kimoja. Huwezi kumpa mtu kazi bila mafunzo wala muda, kisha ukahesabu kwamba kazi hiyo ina mwenyewe.

Mafunzo ya namna hii yanaleta tofauti gani? Marekani walilikuta tatizo hili mapema kwa watoto wa Walatino, yaani familia zenye asili ya Meksiko na nchi za Amerika ya Kusini na Kati, ambao wengi wao ni wa kwanza kwao kukanyaga chuo. Mwaka 1981, katika Chuo cha Chabot mjini Hayward, California, mshauri wa wanafunzi Felix Galaviz na mwalimu wa Kiingereza Patricia McGrath walianzisha mpango wa Puente, neno la Kihispania lenye maana ya daraja. Waliona kwamba wanafunzi hao hawakuwa wakifika kwa washauri wa masomo, na kozi za uandishi za ngazi ya chuo walikuwa wakizikwepa. Mpango ukaunganisha watu watatu kumzunguka mwanafunzi: mwalimu, mshauri, na mtu wa jamii yake aliyekwisha kufanikiwa kikazi. Walimu na washauri hupitia mafunzo maalumu kabla ya kuanza. Mpango huo ulienea katika vyuo na shule nyingi za California na bado unaendelea.

Ushahidi wa pili naupenda zaidi kwa sababu unagusa steshenari moja kwa moja. Mwaka 2012 mtaalamu wa uchumi Eric Bettinger na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa katika ofisi za kujazia kodi za kampuni ya H&R Block. Familia zenye kipato kidogo ziligawanywa. Baadhi zilisaidiwa na mhudumu aliyefunzwa kujaza fomu ya kuomba fedha za chuo, papo hapo, kwa dakika chache. Nyingine zilipewa maelezo tu kuhusu fedha hizo. Miongoni mwa wanafunzi waliokuwa wakimaliza sekondari, waliokamilisha miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36 pale familia ilipopata mtu wa kuijazia. Waliopewa maelezo peke yake hawakubadilika. Rudia sentensi hiyo kila unaposikia kwamba taarifa zote ziko kwenye intaneti.

Kwetu nako ziko. Kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kinapakuliwa bure, ni kirefu, na kimeandikwa kwa Kiingereza cha wenye shahada. Tangu mfumo wa pamoja wa udahili uliotumika kuanzia 2010 uondolewe mwaka 2017, mwombaji huomba kila chuo peke yake, kila chuo na mfumo wake. Akidahiliwa na zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja, kwa namba maalumu inayoletwa kwenye simu. Sasa fikiria aliyejaza namba ya mjomba wake wa Kyela kwa kuwa siku ile simu yake ilikuwa imeharibika. Ujumbe unafika Kyela. Dirisha linafungwa. Maonesho ya vyuo vikuu yanayofanyika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, yangemsaidia sana kijana huyo, kama yasingekuwa zaidi ya kilomita 800 kutoka kwao.

Pingamizi lenye uzito ni la ajira. Wahitimu wamejaa mitaani, wanasema wengi, kwa nini tuwafundishe walimu kusukuma watoto zaidi chuoni? Nalichukulia swali hili kwa uzito wake wote, na jibu langu ni kwamba ukosefu wa ajira ndio unaodai ushauri mzuri. Nafasi zikiwa chache, kozi iliyochaguliwa kwa kufuata foleni huumiza mara mbili. Mshauri aliyefunzwa hana sababu ya kumpeleka kila mtoto chuo kikuu. Atamweleza yule mwenye divisheni ya tatu kwamba pale Uyole, mwendo wa daladala moja kutoka Soweto, kuna chuo cha kilimo kinachotoa stashahada. Kwamba VETA ipo. Kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Katika mikoa inayolima chai, parachichi, viazi na mpunga, fundi wa umwagiliaji ana kazi nyingi kuliko wahitimu kadhaa wa shahada walizochukua kwa kubahatisha.

Upungufu wa walimu nao ni wa kweli, na kwa hiyo sidai ajira mpya kwa kila shule kesho asubuhi. Nadai walimu wawili waliopo, mmoja wa sayansi na mmoja wa sanaa, wapunguziwe vipindi na wapewe mafunzo ya wiki chache, kisha marejeo mafupi kila mwaka kabla ya udahili, maana vigezo hubadilika. Mahali pa kuyatoa papo. Mkwawa, iliyokuwa sekondari na ikafanywa chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005, kazi yake ni kulea walimu. Ikianza yenyewe kuweka somo la ushauri wa masomo na kazi kwa kila mwalimu mwanafunzi, ndani ya miaka michache shule za Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe zitakuwa na watu wanaojua kusoma kitabu cha TCU, kumwandalia yatima vyeti vya vifo vilivyohakikiwa kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa, na kukaa na mzazi kidato cha pili, kabla Fizikia haijaachwa.

Na kijana wa steshenari naye aitwe, hata kwa siku mbili. Apewe orodha ya vigezo iliyoandikwa kwa Kiswahili, na namba ya simu ya mwalimu mshauri wa shule iliyo jirani naye. Usiku wa mwisho wa maombi ya mkopo, ofisi za shule zikiwa zimefungwa, foleni itakuwa kwake.