Timu ya Vijana Iliyouza Vijana Wake

Sitaki kusikia tena neno subira. Si kutoka kwa wakubwa wa Chicago Blackhawks, na si kutoka kwa mashabiki wenzangu wanaolirudia kila tukifungwa kana kwamba ni dua. Tangu 2022 tunaimbiwa wimbo ule ule: timu ni changa, inajengwa upya, tulieni, subira huvuta heri. Sawa, tumetulia. Lakini kuna swali hakuna anayelijibu. Subira ni ya nani, na hiyo heri ikishavutwa inafika kwa nani?

Kwanza tuelewane. Hoki ninayoongelea si ile ya uwanja wa City Park. Ni hoki ya barafuni, ile ya NHL, ligi kuu ya Marekani na Canada yenye timu 32. Mechi ikianza saa moja na nusu usiku pale Chicago wakati wa baridi yao, hapa Nairobi ni saa kumi na nusu alfajiri, na mimi niko macho. Watu huuliza, Mkenya na barafu wapi na wapi? Waulize vijana wa Ice Lions, waliojifunzia kuteleza kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, Mombasa Road, hadi mwaka 2018 wakapelekwa Canada kucheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon kwenye tangazo. Na kama wewe unaweza kulilia Arsenal bila kukanyaga London, basi mimi siombi ruhusa ya mtu.

Tena shabiki wa Arsenal anaijua hii lugha ya "amini mpango". Tofauti ni moja tu, na ndiyo kubwa. Kule Uingereza timu tatu za mwisho zinashushwa daraja, kwa hivyo kufungwa kuna adhabu. NHL hakuna kushuka. Kila mwaka vijana wa miaka 18 wanagawanywa kwa timu kwenye zoezi linaloitwa drafti, na timu zilizokosa mechi za mtoano zinaingia kwenye bahati nasibu ya kuamua nani achague kwanza. Ukimaliza mkiani kabisa, nafasi yako ya kupata chaguo la kwanza ni robo hivi. Ukipanda ngazi, nafasi inapungua. Yaani ukianguka vizuri, unaokota. Ndiyo maana mameneja wamejifunza kuanguka.

Chicago haikuwa timu ya kuanguka. Ilibeba Kombe la Stanley 2010, 2013 na 2015, ikiwa na Jonathan Toews, Patrick Kane na Duncan Keith. Baadaye wale mabingwa wakazeeka, na mwezi wa Oktoba 2021 nyumba ikaporomoka. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwaka 2010, katikati ya mechi za mtoano, viongozi wa klabu walifikishiwa madai kwamba mmoja wa makocha alimdhulumu kingono mchezaji kijana, na hawakuchukua hatua mpaka kombe lilipobebwa. Meneja mkuu Stan Bowman akajiuzulu. Ligi ikaipiga klabu faini ya dola milioni 2. Weka hilo akilini tunapoendelea: hii ni klabu ambayo ilishawahi kuamua kwamba kijana anaweza kungoja.

Akaingia Kyle Davidson, akapewa kiti rasmi mwezi wa Machi 2022, na akatangaza kujenga upya. Sasa tazama alivyoanza. Mwezi huo huo alimuuza Brandon Hagel kwa Tampa Bay. Hagel alikuwa na miaka 23, na mkataba wake ulikuwa wa dola milioni 1.5 kwa mwaka, bei ya bure kwa ligi hiyo. Julai, kwa siku moja, akamuuza Alex DeBrincat kwa Ottawa na Kirby Dach kwa Montreal. DeBrincat alikuwa na miaka 24 na alikuwa ametoka kufunga mabao 41. Dach alikuwa na miaka 21. Hawa si wazee waliochoka magoti, hawa ni vijana. Timu iliuza vijana ili iweze kuitwa timu ya vijana.

Ukimwona fundi wa mjengo anabomoa ukuta uliosimama, anauza mawe, halafu anakuambia ngoja ataleta mawe mengine mazuri zaidi mwaka kesho, utamwita fundi? Hapo mtaani tungemfukuza kabla ya chai ya saa nne.

Matokeo yakaja kama yalivyopangwa. Msimu wa NHL miaka hiyo ulikuwa na mechi 82 na kila ushindi una alama 2. Kuingia mechi za mtoano kwa kawaida unahitaji alama tisini na ushee. Sisi 2022-23 tulipata 59. Mwaka uliofuata 52. Mwaka uliofuata 61. Katikati ya hayo, Mei 2023, tukashinda bahati nasibu kwa nafasi ya asilimia 11.5 tu, tukampata Connor Bedard, kijana ambaye ligi nzima ilikuwa inamwotea. Nilishangilia, na bado nashangilia kila akigusa barafu. Hakuna anayepinga kwamba Bedard ni zawadi. Ninachopinga ni kusema kwamba zawadi ya bahati nasibu ni mpango. Ukicheza kamari ukala, hujawa mwekezaji.

Na angalia zawadi hiyo wameitunza vipi. Alipofika akiwa na miaka 18, wale ambao wangecheza naye walikuwa wameshauzwa. Alibeba timu peke yake, mpaka Januari 2024 akavunjika taya. Hata hivyo alimaliza na alama 61 kwa mechi 68 na kuchukua tuzo ya mchezaji bora mgeni. Luke Richardson, kocha aliyempokea, akafutwa Desemba 2024. Anders Sorensen akashikilia kwa muda. Mei 2025 akaajiriwa Jeff Blashill. Makocha watatu, na kijana alikuwa hajafikisha miaka 20.

Kevin Korchinski naye? Huyu ndiye aliyechaguliwa kwa nafasi waliyopata kwa kumuuza DeBrincat. Akiwa na miaka 19 wakamchezesha mechi 76 kwenye ulinzi wa timu inayofungwa karibu kila wiki. Msimu uliofuata akapelekwa Rockford, timu ya chini, akajifunze huko. Kama alikuwa hajaiva, kwa nini mlimweka motoni? Na kama alikuwa ameiva, kwa nini mkamshusha? Wakati huo huo DeBrincat, ambaye siku hizi yuko Detroit, alifunga mabao 39 msimu wa 2024-25. Hagel kule Tampa alipata alama 90. Kumbuka kufikia Oktoba 2025 walikuwa na miaka 27. Huo ndio umri ambao mchezaji anambeba mdogo wake mgongoni.

Wapo watakaosema, lakini waliletwa watu wazima. Kweli. Nick Foligno aliletwa, Taylor Hall aliletwa, na kiangazi cha 2024 wakasajiliwa Tyler Bertuzzi na Teuvo Teräväinen. Lakini huyo Teräväinen ni nani? Ni kijana wa Chicago mwenyewe, bingwa wa 2015, ambaye klabu ilimtoa 2016 akiwa na miaka 21. Wakamrudisha akiwa na 29. Yaani walimpa mtu mwingine ile miaka yake mizuri, halafu wakanunua kilichobaki. Ukitaka ugonjwa wa klabu hii kwa mfano mmoja, chukua huo.

Hoja ya pili hutolewa na wale wanaojua historia. Wanasema, hata yale makombe matatu yalitokana na kufungwa, kwa sababu Toews alikuwa chaguo la tatu 2006 na Kane la kwanza 2007. Hiyo ni nusu ya hadithi. Keith alichaguliwa wa 54. Niklas Hjalmarsson alichaguliwa wa 108. Dustin Byfuglien alichaguliwa wa 245, mbali kule chini ya orodha. Patrick Sharp alipatikana kwa kubadilishana na Philadelphia. Marian Hossa alisajiliwa 2009 akiwa mtu mzima, kwa pesa. Kane na Toews walikua wakiwa wamezungukwa na watu. Hiyo timu ilijengwa kwa macho makali na kazi, si kwa kukaa mkiani ukingoja mpira wa bahati uchezwe.

Halafu kuna Buffalo. Kila shabiki wa Chicago anapaswa kuisoma habari ya Buffalo polepole. Msimu wa 2014-15 Sabres waliutumia kungoja Connor McDavid. Ilifika mahali kwamba Machi 2015 Arizona walikwenda kwao wakafunga bao la ushindi kwenye muda wa ziada, na baadhi ya mashabiki wa Buffalo, ndani ya uwanja wao wenyewe, wakashangilia. Walimaliza wa mwisho. Bahati nasibu ikampeleka McDavid Edmonton. Buffalo wakampata Jack Eichel, mchezaji mkubwa pia, na wakasema subira.

Kilichofuata ni aibu. Ryan O'Reilly aliondoka 2018 kwenda St. Louis, na mwaka uliofuata akabeba kombe na kuwa mchezaji bora wa mtoano. Eichel aliondoka 2021 kwenda Vegas, akabeba kombe 2023. Sam Reinhart aliondoka 2021 kwenda Florida, na 2024 akafunga bao la kuamua ubingwa kwenye mechi ya saba. Buffalo wenyewe, hadi 2025, walikuwa wamekosa mechi za mtoano misimu 14 mfululizo. Na Brandon Hagel, yule yule tuliyemuuza sisi? Buffalo ndio waliomchagua 2016, kisha wakamwacha aende bila hata kumpa mkataba.

Kwa hivyo vipaji havikukosekana Buffalo. Walikuwa navyo tele. Kilichokosekana ni mahali pa kipaji kukulia. Kufungwa si kama mvua, inyeshe leo na kesho jua liwake. Kunaingia kwenye mwili. Kijana anayefungwa mechi 50 kwa mwaka anajifunza kukubali, na akishajifunza kukubali, drafti haiwezi kumfundisha kukataa.

Ati hakuna njia nyingine? Colorado msimu wa 2016-17 walipata alama 48, chini kuliko sisi mwaka wowote kati ya hiyo mitatu. Bahati nasibu ikawanyima, wakashushwa mpaka chaguo la nne. Lakini hawakumuuza MacKinnon. Hawakumuuza Gabriel Landeskog wala Mikko Rantanen. Walibaki na vijana wao, na kwa lile chaguo la nne wakamchukua Cale Makar. Mwaka 2022 walikuwa mabingwa, na Makar akawa mchezaji bora wa mtoano. Hawa walikuwa na subira ya kweli, maana waliwasubiri watu waliokuwa nao tayari. Chicago inatuomba tusubiri watu ambao wakishafika tunaweza tena kuwauza.

Mimi ni wa rika lao, hawa wachezaji. Labda ndiyo sababu jambo hili linaniuma kuliko matokeo yenyewe. Kila kijana wa nchi hii aliyewahi kuitwa kiongozi wa kesho anaijua lugha ya Davidson. Unaambiwa wewe ndiye tumaini, halafu unapewa mzigo wa leo bila msaada wa leo. Mambo yakiharibika, ni kwamba hujaiva. Ukiiva, umekuwa ghali. Mwenye klabu hana haraka, klabu itakuwepo miaka mingine mia. Mchezaji wa hoki ana miaka kumi hivi ya nguvu, na ya Bedard tayari inaliwa na ratiba ya watu wengine.

Nitakiri mambo mawili yaliyofanyika vizuri. Nafasi waliyopata kwa Dach ilimleta Frank Nazar, na Nazar ni mchezaji kweli. Na Seth Jones alipotaka kuondoka, walipata kutoka Florida Spencer Knight, kipa kijana wa kutegemewa. Lakini hata hapo jiulize kwa nini Jones alitaka kuondoka. Alikwenda Florida Machi 2025, na Juni alikuwa ameshika kombe. Wachezaji wanaona vizuri mahali pa kukaa na mahali pa kupita tu.

Basi madai yangu ni haya. Asiuzwe tena mchezaji yeyote wa chini ya miaka 25 ambaye tayari anaweza kucheza, hata kama mtu analeta machaguo kumi ya drafti. Vijana wasiojawa tayari wasitumiwe kujaza nafasi, wapelekwe Rockford mapema, wajifunze kushinda huko kwanza. Na uongozi utaje msimu, kwa nambari, ambao usipoingia mechi za mtoano wenyewe wataondoka kama makocha wanavyoondolewa. Mkataba wa mchezaji una tarehe ya mwisho. Wa kocha unayo. Subira peke yake ndiyo haina.

Msimu ukianza tena, nitaamka alfajiri kama kawaida. Matokeo nitayapokea yakija. Lakini siku ambayo Bedard, au Nazar, au Artyom Levshunov atafika miaka 24 na kuanza kudai anachostahili, tutajua kama hii ni timu au ni soko. Mpaka hapo, anayetaka kuniambia habari ya subira aanze kwa kunionyesha nani amebaki.