Jino Bovu na Moyo Mgonjwa

Kila tarehe 9 Februari twamkumbuka Mtakatifu Apolonia wa Alexandria, aliyevunjwa meno na watesi wake kabla ya kufa shahidi mwaka 249. Wenye kuumwa meno humwomba, na wafanya vema. Lakini sala haiondoi wajibu wa kutumia akili.

Ndugu yetu wa Kalemie, kama moyo wako una ugonjwa, usimwendee mtu yeyote mwenye koleo. Kinywani mna vijidudu. Jino likingolewa, huingia katika damu. Kwa mtu mzima wa afya hufa upesi. Lakini kwa mwenye mlango wa moyo uliotengenezwa na waganga, au aliyekwisha kuugua ndani ya moyo kwa vijidudu hivyo, huweza kutua pale na kumwua. Kwa hiyo mganga humpa mtu mzima wa namna hiyo gramu 2 za amoksisilini, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa.

Kijana anayechomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa ajili ya moyo aseme hivyo, maana huenda akahitaji dawa nyingine. Aseme pia yule anayedhurika kwa penisilini. Na mwenye kutumia dawa ya kuzuia damu isigande asiiache kwa shauri lake mwenyewe.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Basi kabla hujafumbua kinywa mbele ya mganga wa meno, kifumbue kwanza useme: "Bwana mganga, moyo wangu ni mgonjwa."