Kijana Ameanguka Mjengoni: Kabla Hamjasema Ni Kadari



Wewe unayebeba zege hapa Salama, au una kaka anayebeba, hii ni yako.

Miezi michache iliyopita tulimzika kijana aliyeanguka kutoka orofa ya tatu, kwenye jengo moja kando ya barabara kuu ya Mombasa. Mbao za jukwaa zilikuwa zimefungwa kwa kamba kuukuu, pembeni hakuna kizuizi, kichwani hakuna helmeti, miguuni kandambili. Alianguka asubuhi, na kufikia magharibi tulikuwa tushamzika. Mwenye jengo alileta sanda, gunia la mchele na shilingi 30,000. Wazee wakamshukuru. Kila mtu akasema ni kadari. Kesho yake mjengo ukaendelea, mbao zilezile.

Sibishani na kadari. Na kuzika haraka ni sunna, hakuna swali hapo. Lakini si tunafundishwa kwamba ngamia afungwe kwanza ndipo mtu atawakali? Lile jukwaa nani alilifunga?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya mazishi hakuna aliyeripoti. Hata mimi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mtu akifa kazini, mwajiri amjulishe afisa wa usalama kazini wa eneo hilo ndani ya saa 24, kisha alete ripoti ya maandishi ndani ya siku 7. Sheria ya fidia, ile wanaita WIBA, ya mwaka huohuo, inawapa waliomtegemea marehemu mapato yake ya miezi 96. Piga hesabu na mimi. Mtu wa mkono akilipwa 600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni 15,600. Mara 96 ni 1,497,600. Sisi tulipokea 30,000 na gunia, tukasema ahsante.

Utaambiwa hakuwa na barua ya kazi. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba. Shida huwa ni ushahidi, na hapo ndipo unaingia wewe. Meseji za M-Pesa alizokuwa akilipwa. Picha za jukwaa kabla halijabomolewa. Majina ya waliokuwa naye. Nambari ya OB kutoka polisi. Kopi ya kibali cha mazishi. Vijana wawili wanaweza kufanya haya yote wakati wengine wanachimba kaburi, na maiti isicheleweshwe hata dakika moja. Dai lenyewe linapelekwa kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya miezi 12. Usianze na broka wa kesi. Mahakama ya Juu ilishaamua Desemba 2019 kwamba njia ni hiyo.

Na kwa aliye hai: ukimwambia msimamizi hapa pana hatari kubwa, sheria inamkataza kukurudisha hapo mpaka parekebishwe, na hawezi kukufuta kwa sababu tu umelalamika. Najua, najua. Getini kuna wengine kumi wanangoja nafasi yako. Ndiyo maana usiseme peke yako. Ongeeni wanane mkiwa kwenye chai ya saa nne, na mseme kabla ya slabu kumwagwa, maana siku ya slabu ndiyo siku kontrakta hawezi kufanya lolote bila nyinyi.

Tusijisahau pia. Tukijenga madrasa kwa kujitolea, ni sisi tunaopandisha watoto wa miaka 14 juu ya paa, tena tunawapiga picha.

Huyu kijana wetu, miezi 12 haijaisha. Kama ulikuwa naye kwenye jukwaa siku ile, tuandikie inboksi. Jina lako halitatajwa hapa.