Nani Mvamizi wa Msitu?

Mvua za Machi zinapochelewa Tongaren, na mkulima wa mahindi akabaki na mbegu ghalani na deni la mbolea kichwani, aghalabu mazungumzo ya baraza hupanda milimani. Husemwa kwamba mvua imepotea kwa kuwa misitu ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, inakochimbuka Nzoia, imejaa "wavamizi". Neno hilo hutumiwa na maafisa, na wanahabari, na sisi walimu tunapotoa mada za insha. Yafaa lipimwe.

Kuvamia ni kuingia kwa nguvu mahali pa mwenyewe. Je, Waogiek wa Chepkitale, juu ya Mlima Elgon, walimvamia nani? Mlima wenyewe husemwa umepata jina kutokana na wakazi wake, El Kony. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoketi kati ya 1932 na 1934, iliwataja watu wa misitu kwa jina la "Ndorobo", ambalo asili yake ni neno la Kimaasai la kumdunisha mtu asiye na ng'ombe. Kisha ikapendekeza watiwe katika maeneo ya makabila jirani. Ukishamwita mtu fukara, si kazi ngumu kumwambia kwamba hana ardhi. Chepkitale ikafanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1968, ikatangazwa tena hifadhi ya taifa mwaka 2000, na wenyeji wakawa wahalifu kwa kulala makwao.

Hapa hatuna budi kujitazama. Mashamba ya Tongaren yalikuwa ya walowezi. Wazee walipewa katika skimu za makazi za miaka ya 1960, kwa mkopo na kwa hati. Hakuna awaitaye wavamizi, na haki yao siipingi. Lakini Wasengwer nao hueleza kwamba nyanda za Trans Nzoia zilikuwa zao kabla ya mlowezi kuwasukuma Cherangani. Tofauti iliyopo ni karatasi.

Mabadiliko ya tabianchi yameupandisha msitu bei, na kuishi ndani yake kumezidi kuwa hatari. Umoja wa Ulaya ulitenga Yuro milioni 31 kwa mradi wa kulinda vyanzo vya maji, Elgon na Cherangani vikiwemo. Januari 2018 Msengwer mmoja aliuawa kwa risasi katika msitu wa Embobut wakati wa operesheni ya walinzi wa misitu. Siku iliyofuata Umoja huo ukatangaza kuzisimamisha fedha zake.

Sisemi kwamba kila aishiye msituni ni mlinzi wake. Embobut imelimwa na watu wa kila namna, wakiwemo walionusurika maporomoko ya ardhi wasipate pa kwenda. Ila serikali iliwatia wote katika kapu moja, ikatoa shilingi 400,000 kwa familia mwaka 2013, na Januari 2014 nyumba zikachomwa. Ilhali huko Chepkitale Waogiek wameandika kanuni zao wenyewe, na mchoma makaa amepigwa marufuku.

Mahakama zimekwisha kulisahihisha neno. Tarehe 26 Mei 2017, katika kesi ya Waogiek wa Mau, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ilisema serikali haikuthibitisha kwamba Waogiek ndio walioharibu msitu. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Bungoma ikaamua kwamba Chepkitale iligeuzwa hifadhi kinyume cha sheria.

Liko neno jingine, "msitu" lenyewe. Twaliita msitu pori la mierezi ya kale, na twaliita vivyo hivyo shamba la misaiprasi iliyopangwa safu kwa safu ikingojea msumeno, ambako nyuki hana ua la kutua. Mpango wa serikali wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032 huhesabu miti. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa lilipewa likizo ya kupanda miti. Mwezi uo huo, huko Mau, Waogiek walikuwa wakibomolewa nyumba, miaka sita baada ya hukumu ya Arusha.